Kulia Mbele ya Mkwe

Habari ilinikuta palepale mnaponijua, kwenye kiti changu cha kamba hapa Ruiru, miguu ndani ya beseni la maji moto: yule fundi wa mashine za kumenyea kahawa amefariki hospitalini Thika. Kansa ya mfupa. Sawa, kansa ndiyo iliyomuua, sibishi. Lakini kilichomtesa ni kitu kingine, na kila nikikifikiria nakasirika mpaka maji ya beseni yanapoa.

Urafiki wetu ulikuwa wa yeye kunicheka. Niliwahi kuumwa jino nikapiga kelele hadi jirani akadhani askari wamekuja kufanya msako. Fundi alichungulia dirishani. "Haiya! Kumbe ni wewe? Nilidhani kuna mbuzi anachinjwa." Nikamwambia kwamba sisi tuliofika sekondari tumefundishwa, anayeumwa aseme. "Basi masomo yenu yana kelele nyingi, bwana," akajibu, akaenda zake. Yeye mashine ilimbana kidole akakifunga kitambaa, akamaliza zamu.

Nilipopata pasi ya kusafiri nilikwenda Thika kumwona, ingawa kunitoa nyumbani ni sawa na kuning'oa lile jino. Nilimkuta kimya, jasho linamtiririka, ameuma shuka. Kwenye kitanda cha pili alilala muthoni wake, yaani baba wa kijana aliyemwoa binti yake, mguu umevunjwa na gogo. Dawa yenyewe ya maumivu, sindano ya mofini, ilikuwa kabatini chini ya kufuli, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa sista. Sista akapita akiuliza kila kitanda, "Una maumivu?" Fundi akalitoa shuka mdomoni. "Nafuu, sista. Asante." Muthoni naye akasema nafuu. Ufunguo ukapita.

"Una wazimu?" nikamnong'oneza. "Si umwambie!"

"Nyamaza wewe. Muthoni anasikia."

"Na asikie! Piga kite hata kimoja."

"Binti yangu anakaa kwa mzee huyu. Unataka aambiwe baba yake analia kama wewe?" Akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani, akalirudia shuka.

Nikamfuata sista ukumbini. "Mgonjwa mwenyewe kasema nafuu," akanijibu. "Nimdunge kwa maneno ya mgeni?" Nikamwomba basi amhamishe kitanda, au walau aliangalie lile shuka lilivyotafunwa. Akasema shuka hubadilishwa Jumamosi.

Wasomaji wangu, niambieni mimi mpenda kiti, nani alitunga utaratibu huu? Sisi tunawafunza vijana wetu wasipepese jicho mbele ya kisu cha jandoni, na vizuri, kwa sababu kisu kikishapita kimepita. Kansa haipiti. Inakaa, inakula, inalala, inaamka kabla yako. Ule wa kisu ni ujasiri wa asubuhi moja, na mtu ametakiwa aubebe miezi. Hospitali nayo, pamoja na elimu yake yote, inangoja mtu wa namna hiyo aombe kwa sauti, mbele ya watu, ndipo ifungue kabati. Kwa utaratibu huo mofini ningepewa mimi, kwa jino.

Maziko yalipokwisha, muthoni alinijia akijikokota kwa magongo. Nilikuwa nimemwekea kinyongo, nakiri, kana kwamba ni yeye aliyeshika ufunguo. "Mwenzangu alikuwa mwanamume," akasema, akitazama udongo mbichi. "Mguu huu uliniua mle ndani, baba. Kila usiku nilikuwa namngoja yeye apige kite kwanza, nami nipate kupiga changu."

Wazee wawili, vitanda viwili, kila mmoja anamlindia mwenzake heshima, na dawa imo chumba hichohicho. Kwa hiyo ninyi mnaolala huko hospitalini, mkiulizwa, jibuni kama mimi na jino langu. Acheni majirani wadhani ni mbuzi. Nanyi wenye funguo, msimuulize mtu wa kwetu kama anaumia huku mkwe wake ametega sikio. Vuteni pazia kwanza, inameni, kisha mwulizeni. Na kabla hajajibu, liangalieni shuka.