Fundi cherehani na namba isiyogawanyika

Saa mbili asubuhi, cherehani bado iko kimya. Fundi amekunja mikono ya blauzi na kuinamia meza ya kukatia, chaki ya kuchorea vitambaa mkononi. Leo hakati suruali ya mtu. Anagawanya.

Namba yenyewe imegongwa kwenye kibati cha cherehani yake: 1,000,003. Kwa miaka kumi na tisa aliifuta vumbi bila kuisoma. Wiki tano zilizopita, mwalimu wa darasa la jioni la watu wazima alileta suruali ipunguzwe kiuno, akaitupia namba hiyo jicho.

"Fundi, huenda hii ni namba tasa," alisema. "Haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe."

Fundi alimwambia hamu yake ya kusoma haijawahi kuisha. Ana miaka 52. Aliacha shule akiwa na 14, mama yake alipougua. Mwalimu akatoa sharti: athibitishe kwa mkono, bila kikokotoo, aingie mwaka wa pili moja kwa moja. Uandikishaji unafungwa leo saa sita mchana.

"Nilidhani nitagawanya mpaka nizeeke," anasema akicheka. "Kumbe ni kama kitambaa cha mstatili. Upande mmoja ukizidi elfu, wa pili lazima uwe chini ya elfu. Basi najaribu namba tasa zilizo chini ya elfu, zinatosha."

Nazo ni 168. Amejaza madaftari mawili, mteja akitoka na mwingine akiingia.

Wiki ya pili nusura akate tamaa. Aligawanya kwa 101, hakikubaki kitu.

"Alilia hapo hapo," anasema wifi yake, anayeshona vifungo pembeni. "Nikamwambia, wifi, kwani namba imekufa? Acha msiba!"

Kosa lilikuwa la kifundi. Akipunguza kiuno, hutoa mbili kwenye kipimo kabla ya kuandika, mkono umezoea. Alipofungua ukurasa mpya wa daftari, alikuwa ameandika 1,000,001. Aliporudia, ikabaki mbili. Alicheka mpaka mteja akaingia kuuliza kuna nini.

Sasa imesalia moja tu: 997. Chaki inakwaruza meza. Wifi ameacha sindano hewani, na mwandishi wa habari hii amesahau kuandika. Inaingia mara 1,003. Inabaki kumi na mbili.

"Tasa!" Fundi anaruka, kiti kinaanguka. "Wifi, ni tasa! Haina wa kuigawa!"

Saa tano na nusu mwalimu anafika. Anapekua madaftari, anarudia hesabu tatu mwenyewe, kisha anafungua rejista na kuandika jina la fundi kwenye mwaka wa pili. Fundi anafuta macho kwa kipande cha bitana.

"Haya, msomi," wifi anamtania. "Masomo yanaanza saa kumi na mbili jioni. Nani atafunga duka?"

"Wewe," anajibu. "Mimi nitakuwa shuleni."