Maana Nne za Give Up

Walisema Kiingereza sitakiweza. Shemeji yangu alitamka hadharani, nje ya kanisa, siku niliyorudi kwetu Cyangugu, Rwanda, kutoka Bukavu na diploma yangu ya ualimu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kingereza ni ya bale bantu ba Uganda, Papa. Wewe na Kifaransa yako ya Kongo, utauzisha bisamaki bya sambaza sokoni."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nalala kwake.

Vita vilikuwa vimewaka tena ng'ambo ya mto, wakimbizi wakivuka daraja, na shirika moja la misaada likatafuta mkalimani wa Kinyarwanda, Kiswahili na Kiingereza. Lugha mbili za kwanza nilikuwa nazo tangu utotoni. Ya tatu niliiazima, pamoja na vitu vingine. Fundi cherehani Mwislamu wa Kamembe aliniazima kamusi, jirani akaniazima viatu, shemeji akaniazima shati jeupe. Kila Jumapili alinyoosha kola yangu mbele ya waumini ili wajue shati ni la nani.

Nilisoma kama tulivyosomeshwa Kongo: kukariri. Waingereza hubandika kijineno nyuma ya kitenzi, na maana yote inageuka. Give ni kutoa. Give up ni kukata tamaa. Ni kuacha tabia, kama pombe. Ni kumpisha mwingine kiti. Tena ni kumtoa mtu kwa wanaomtafuta. Nilizisoma kwa sauti mbele ya cherehani, na fundi akafuatilia kwa kidole kwenye kamusi.

"Mwalimu, ile ya kiti umeiruka tena."

Siku ya usaili wa kazi ile, mtahini alikuwa kijana aliyekulia Kampala, Uganda. Alitabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Chagua kitenzi chochote," alisema, "utuonyeshe kinavyotumika."

Nikachagua give up, nikatoa mifano yangu mwenyewe. Kwenye boti nilimpisha mama mjamzito kiti changu. Baba aliacha pombe alipozeeka. Mtahini alicheka matamshi yangu waziwazi. Mfano wa tatu: majirani zetu wa Bukavu walimtoa kaka yangu kwa askari. Hapo akaacha kucheka. Wa nne nikamwambia kwamba mimi sijawahi kukata tamaa, na sikuinamisha macho.

Kazi nilipewa mimi. Waliokulia Uganda walioiomba pamoja nami walikuwa sita.

Mshahara wa kwanza ulipotoka, nilizunguka mchana mmoja. Fundi alipata kamusi yake, imejalidiwa upya, akanikaribisha chai. Jirani nilimnunulia viatu vipya. Shemeji nilimpelekea shati jipya, bado limo kwenye karatasi yake, nikamkuta na wageni.

"Ah, ndugu yangu, ungebaki nalo tu. Sisi ni familia."

"Lipokee," nikasema.

"Tutaongea kesho."

Nilisimama pale mlangoni, mkono nimeunyoosha, wageni wakitutazama, mpaka akalipokea.