Jiwe Lililolika Kushoto

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze kwanza jinsi jiwe la kusagia linavyolika. Mwanamke hupiga magoti, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kulisukuma juu ya lile kubwa. Mkono wenye nguvu hukandamiza zaidi, kwa hiyo miaka ikipita shimo huegemea upande wake. Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini bibi yangu alinisumbua wiki nzima nimpeleke Ujiji.

Ulikuwa mwaka wa serikali kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Tulipangiwa kijiji kipya mbali na ziwa, na lori lingekuja Jumatatu. Bibi alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka: kuligusa jiwe la mama yake. Mama huyo alivushwa ziwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, akasaga nafaka katika ua wa tajiri mmoja wa pembe za ndovu mpaka alipokufa. Hakuacha picha, na kaburi lake halijulikani.

Nyumba ya tajiri huyo baadaye ilikaliwa na Wajerumani, kisha Waingereza wakaifanya ghala. Tulimkuta mlinzi tu. Mimi, mwalimu kijana, nikaanza kueleza: hapa misafara ilipumzika, hapa mizigo ilipangwa.

"Mume wangu," bibi akanikatiza, kwa utani wake wa siku zote, "mimi nimezaliwa humu. Funga darasa."

Mlinzi akacheka. "Leo mwalimu kapata mwalimu!"

Uani kulikuwa na mawe manne. Bibi aliinama akapapasa moja moja. La kwanza, hapana. La pili na la tatu, yamelika kulia. La nne lilizama nusu udongoni, karibu na jiko. Kiganja chake kikateleza chenyewe kikatua kushoto.

"Mama alikuwa mashoto," akasema, na hakuinuka.

Nikamwomba mlinzi tulichukue.

"Hilo la serikali, mwalimu. Na ungelibeba na nani?"

Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa ulezi kidogo, akausaga pale pale, polepole. Unga akaufunga kwenye pindo lile lile. Jumatatu alipanda nao lorini, na hakuliona ziwa tena.

Unga ule hatukuupika. Siku hizi, binti yangu akishika kalamu kwa mkono wa kushoto, natamani bibi angekuwepo nimwonyeshe.

Kama bibi yako yu hai, mwulize leo mama yake alitumia mkono gani. Kisha liandike jibu lake.