Sarafu Yenye Tundu na Redio ya Tarishi

Zamani kitu kikiharibika kilitengenezwa. Siku hizi kinatupwa, na aliyekuwa akikitengeneza anatupwa nacho. Ndivyo fundi redio mmoja, ambaye wenzake walimwita Mawimbi, alivyobaki na kibanda kisicho na wateja, harufu ya waya ulioungua, na mikebe mitatu ya sarafu za kigeni. Katika nchi zilikotoka hakuwahi kufika hata moja. Sarafu zilimfikia kama mafua yanavyomfikia mtu: kutoka kwa yeyote aliyepita karibu.

Kila Jumamosi alasiri walikutana wanne chumba cha nyuma kwa kinyozi: Mawimbi, kinyozi mwenyewe, tarishi mstaafu, na bibi mmoja aliyewahi kuwa mkata tiketi wa stesheni, ambaye walimpa ukatibu kwa sababu ndiye pekee waliyemwogopa. Sheria zilikuwa mbili. Sarafu izunguke mkono kwa mkono, na aliyeileta asimulie alivyoipata. Siku moja kinyozi alithubutu kuonyesha sarafu kwenye simu.

"Hiyo ni picha," Katibu alisema. "Na sisi tukupe picha ya chai unywe?"

Katika mikebe yote ya Mawimbi ilikosekana sarafu moja tu, nayo ndiyo iliyomtia ugonjwa huo wa kukusanya: ya shaba, tundu katikati, samaki ubavuni. Aliletewa na marehemu kaka yake, mpishi wa meli. Ilipotea miaka kumi na moja iliyopita, wiki ileile shemeji yake, kaka wa mkewe, alipokuwa mgeni nyumbani. Mawimbi hakuuliza wala hakutafuta. Alimwita mwizi mezani, mbele ya watoto, watu wakiwa na matonge mkononi. Shemeji aliinuka, akanawa, akaenda zake. Tangu siku hiyo mke aliendelea kupika na kufua kama kawaida, ila hakumwita tena mume wangu. Alimwita Fundi, kama wateja.

Basi Jumamosi moja tarishi aliingia akiwa na kitu ndani ya leso.

"Redio yangu ilinyamaza juzi," alianza. "Nikaifungua mwenyewe, maana mafundi wa leo ukiwapelekea kitu wanakuuliza kwa nini usinunue kingine. Pale zinapokaa betri, springi hamna! Nimekuta hii."

Akaiweka mezani. Tundu katikati. Samaki ubavuni.

"Redio hiyo alikutengenezea nani?" kinyozi aliuliza.

"Huyu hapa. Na springi mpya nililipia."

Kinyozi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya nywele.

Mawimbi alikumbuka yote. Springi ilikuwa imeoza, duka la vipuri limefungwa, tarishi amesimama mlangoni akililia mpira uliokuwa unaanza. Akachomeka sarafu iliyokuwa mfukoni mwake ishike mpaka Jumatatu. Jumatatu ilipofika akawa amesahau, na wiki hiyohiyo akamtafuta mwizi.

Tarishi, aliyekuwa mtu wa adabu, alimwona anavyotokwa jasho. "Labda fundi mwingine aliingilia baada yako," alisema.

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa. Angepita hapo, jina la ufundi lingepona, nalo ndilo pekee alilobakiwa nalo. Lakini shemeji angezeeka akiwa mwizi.

"Hakuna fundi mwingine," Mawimbi alisema. "Tazama ukingoni. Kuna alama mbili za koleo. Niliikunja ili iingie."

Katibu alivaa miwani. "Mbili," alithibitisha. Kisha akamkazia macho. "Si ndiyo hii uliyomfukuzia shemeji yako?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa hapa umekaa unangoja nini?"

Tarishi alimsogezea sarafu. "Chukua. Ila Jumatatu naitaka springi yangu, na isiwe ya nchi za watu!"

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo.

"Sarafu imeonekana," alisema. "Ilikuwa ndani ya redio ya tarishi. Niliiweka mimi mwenyewe."

Mkewe alimaliza kwanza shati, mkono juu ya mkono. "Mimi unaniambia ya nini, Fundi? Mimi sikuitwa mwizi."

Shemeji aliishi ghorofa ya tatu, upande wa pili wa soko. Mawimbi alipanga maneno mazuri njia nzima, na ngazi zikamlia yote. Shemeji alifungua akiwa na fulana, mvi zimemjaa kifuani. Mawimbi alinyoosha kiganja chenye sarafu, akasimulia kwa kuhema, bila kuruka hata ile springi.

Shemeji aliichukua sarafu, akaiinua, akamchungulia mwenzake kupitia tundu lake kwa jicho moja.

"Kumbe ndiyo hii? Miaka kumi na moja nimeiba kitu nisichokijua hata sura!"

"Nisamehe, shemeji."

Shemeji aliitia sarafu mfukoni mwa suruali, akaupigapiga mfuko.

"Haya, leo nimeiba kweli. Ingia ndani, usinisimamie mlangoni kama polisi."