Kisanduku cha Gitaa Nilichokipeleka Kagunga

Sababu ya safari hii ilikuwa msalaba. Mke wangu, Yustina, alizikwa kwao Kagunga, kijiji cha kaskazini kinachofikiwa kwa boti. Mwaka ulipotimia, baba mkwe alituma ujumbe kwamba msalaba wa saruji umekauka, twende tukausimike, na kwamba kwaya yetu ya Ujiji iimbe ule wimbo ambao Yustina alikuwa akiuanzisha. Mimi ndiye mpiga gitaa la solo wa kwaya hiyo. Ombi lilinifikia mimi kabla ya mtu mwingine.

Shida ilikuwa vyombo. Kwaya ina pedali tatu nzito za gitaa, zile za kukanyaga ili kubadili sauti, lakini hazipandi tena boti tangu kinanda chetu kilipopigwa na mawimbi. Nilipomwomba Mwalimu Ezekia, kiongozi wetu, alitikisa kichwa.

"Kinanda kilikunywa maji ya ziwa kikafa," alisema. "Pedali hazitakifuata."

Nilikuwa nimenunua kisanduku cha efekti cha bei nafuu, cha plastiki, kinachoingia kwenye mfuko wa kitenge. Kina vitufe viwili vya kukanyaga, na ndani yake mna mwangwi, mtetemo, mkwaruzo na mambo mengine ambayo mpaka leo sijui kazi yake. Nilikikusudia kiwe cha akiba. Sasa akiba ndiyo ikawa tegemeo.

"Kikishindwa, tutaimba mikono mitupu," Mwalimu alisema.

Wimbo ule hauimbiki mikono mitupu, naye alijua. Hakuna anayehesabu wala anayeinua mkono. Gitaa linaanza peke yake, linamalizia na uzi mmoja ulioachwa ulie, na mwanzishaji anaingia uzi ule unapofifia. Yustina alikuwa akiwafundisha wenzake hivi: "Usiingie likiwa bado linasema, wala usingoje limenyamaza." Safari hii mwanzishaji angekuwa mdogo wake, Jenista, anayeishi Kagunga. Alipokuwa akija Ujiji kutembea alisimama kando ya dada yake na kuujua wimbo wote.

Naandika haya kwa wapiga gitaa wenzangu walioniuliza kama kisanduku kile kinafaa.

Alhamisi, nyumbani Ujiji. Nilikijaribu sebuleni kwa spika ndogo. Sauti safi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwangwi ulikuwa mwembamba, lakini wa kweli. Kasoro ni kwamba ukikanyaga kubadili sauti, kinakaa kimya kwa muda wa kupepesa jicho. Kilichonifurahisha zaidi ni kitu kimoja kinachokata kelele: ukiacha kupiga, sauti ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, kisanduku kinajifunga, na ule mvumo wa spika unatoweka. Nilikipenda mno. Tangu Yustina aondoke nimezoea nyumba isiyo na sauti, hata redio siiwashi. Nikakaza kile kitu, nikarudi kukaza tena, mpaka nilipoacha kupiga nikawa nasikia saa ya ukutani tu.

Ijumaa asubuhi, Kibirizi. Tulikuwa wanane ufukweni, tukisubiri boti ya Kagunga ijaze magunia na abiria. Gitaa nililifunga kwa turubai. Kisanduku nilikitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaikumbatia. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyekaa karibu nami, aliitazama ndoo ile kwa muda.

"Baba, hayo mawese unayalea?"

"Si mawese, mama. Ni chombo cha gitaa."

"Gitaa la kwenye ndoo," aliwaambia wenzake. "Huko Ujiji wanapika muziki."

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Boti ilishika njia ya kaskazini, milima mkono wa kulia, vijiji vikipokezana chini yake. Tulipopita msitu wa Gombe mawimbi yalituzidi na maji yakaturukia mpaka kifuani. Nilifungua mfuniko mara mbili kuangalia. Ndani palikuwa pakavu. Hilo nalo liandikwe: ndoo ni mkoba mzuri.

Saa kumi jioni, Kagunga. Baba mkwe alikuwa ufukweni na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Jenista, huyu mtu anakula nini huko?"

"Anakula nyuzi za gitaa," Jenista alijibu, akaipokea ndoo.

Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile. Msalaba ulikuwa umelazwa uani juu ya majani ya migomba, jina likitazama juu. Nililisoma, nikaenda kulala mapema.

Jumamosi asubuhi, uani. Nyumba ya baba mkwe haina umeme, kwa hiyo tulikodi jenereta na spika. Nilipochomeka kila kitu, spika ilivuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu alinikunjia uso. Nikainama, nikakaza kile kitu cha kukata kelele hadi mwisho. Mvumo ukafa. Nilijivuna kidogo.

Nikapiga utangulizi, nikauacha uzi wa mwisho ulie. Jenista hakuingia. Nikarudia. Safari hii aliingia mapema, uzi ukiwa bado na nguvu, akasita. Mara ya tatu alifungua kinywa akakifunga. Wanawake wa sauti ya pili wakaanza kuangua vicheko.

"Shemeji," mmoja wao alisema, "gitaa lako linafumba mdomo kama mtoto aliyekataa uji."

Sikucheka. Nilikuwa nimefikiria wimbo ule mwaka mzima, na ibada ilikuwa saa nane. Nikasema jambo ambalo sikupaswa kulisema.

"Dada yako hakukosea hapa hata siku moja."

Jenista aliutazama msalaba, kisha akanitazama mimi.

"Dada aliimba na gitaa," alisema taratibu. "Alikuwa na kitu cha kukisindikiza. Mimi unanikatia. Piga tena, usikilize wewe mwenyewe, usinitazame mimi."

Nilipiga. Uzi ulilia, ukaanza kushuka, na pale pale ulipoanza kufifia, ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Nilikuwa nimefunga mlango mbele ya sauti ile ile aliyokuwa akiingojea. Nyumbani sikuligundua kwa sababu nilikuwa nasikiliza ukimya, sikusikiliza mwisho wa uzi.

"Kosa ni langu, Jenista," nilisema. "Lile nililosema pia."

"Zima hicho kidude," alisema. "Tutaongea mengine baadaye."

Nikakizima kabisa kile kitu cha kukata kelele. Mvumo ukarudi. Mwalimu alilalamika kwamba watu watadhani jenereta imo ndani ya wimbo. Tukaivuta jenereta mpaka nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, nami nikachomoa waya wa umeme wa kisanduku, nikakitia betri nne ndogo, kama zile za rimoti. Mvumo ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilibaki.

Saa nane mchana, kaburini nyuma ya nyumba. Msalaba ulisimamishwa, baba mkwe akaushika kwa mikono miwili mpaka zege likaaminika. Jua lilikuwa kali hata sikuweza kusoma kioo cha kisanduku, nikategemea mguu tu. Nilipiga utangulizi. Nikauacha uzi wa mwisho. Ulilia, ukashuka, ukafika chini kabisa ukiwa umechanganyika na mvumo, mpaka sikujua tena kipi ni kipi. Hapo ndipo Jenista alipoingia. Hakuiga sauti ya dada yake. Aliingia tu mahali penyewe, na wengine wakamfuata.

Baba mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipomaliza alisema, "Wimbo umeimbwa."

Jioni Jenista aliniletea chai ya tangawizi, akakaa kando yangu kwenye gogo.

"Lile neno liliniuma," alisema.

"Najua."

"Basi. Ukirudi usikae mwaka tena. Na uje na gitaa, hata la kwenye ndoo."

Jumatatu, kurudi. Ziwa lilikuwa tulivu njia nzima. Nilishuka Kibirizi mchana, nikafika Ujiji, nikafungua madirisha ya nyumba.

Sasa jibu langu kwenu. Kisanduku kinafaa kuwa cha akiba. Ni chepesi, kinatumia betri, na sauti yake safi haikuaibishi. Kioo chake hakisomeki juani, plastiki yake siiamini, na kinasita ukibadili sauti katikati ya wimbo. Msikijaribu peke yenu chumbani kama mimi. Kijaribuni na mtu anayeimba.

Jumapili iliyofuata nilikitumia kanisani ili Mwalimu akisikie vizuri. Baada ya ibada aliniuliza kama hakuna namna ya kuuondoa ule mvumo. Nilimwambia namna ipo, naijua, na nimeizima.