Mashine Iliyokwama Kwenye Tisini na Tisa

Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Alhamisi, mashine yangu ilipokwama kwenye tisini na tisa. Tulikuwa jikoni kwa shangazi, mlimani, juu ya mji wa Moshi.

Shangazi alikuwa mpokeaji wa maziwa wa kijiji, na macho yake yalikuwa yamezimika. Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji alimpa mpaka Jumamosi: ajumlishe lita mwenyewe, la sivyo kazi apewe mwingine.

"Mama, vikokotoo vya betri vimejaa sokoni siku hizi," alimwambia.

"Nimesikia, mwenyekiti. Na macho wanauza pamoja navyo?"

Nilikuwa nimesoma, katika kitabu kilichochakaa, habari za mashine za kujumlisha zilizobuniwa kabla ya umeme. Nikaunda yangu kwa vyuma vya baiskeli na saa mbovu: gurudumu la mamoja, la makumi na la mamia, yenye alama za kupapasa. Gurudumu likitimiza kumi, lilisogeza la jirani hatua moja. Lakini kwenye tisini na tisa, lile la kwanza lilipaswa kusukuma mengine mawili kwa mpigo. Likagoma. Nikashika koleo, nikalazimisha. Jino likakatika.

"We mtoto, acha ubabe," shangazi alisema. "Maji ya mfongo, huu mfereji wetu wa kumwagilia, huwa tunayasukuma kwa mikono? Mfereji mwembamba hujaza bwawa usiku kucha, kidogo kidogo. Asubuhi ukifungua, yanafika mpaka shamba la mwisho."

Nilichonga jino jipya, kisha kila gurudumu nikalipa mkono wenye nati nzito. Likizunguka, liliinua nati polepole. Likitimiza kumi, nati ilianguka na kusogeza la jirani. Hakuna gurudumu lililobeba mzigo wa mengine yote.

Jumamosi wanawake walipanga foleni na ndoo zao. Shangazi alipima, akazungusha, akapima. Kwenye tisini na tisa niliinama kusikiliza. Tak, tak. Nati mbili zikaanguka.

Mwishoni alipapasa. "Mia moja kumi na nne."

Mwenyekiti alitazama kikokotoo chake. "Ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Kesho fungua kituo mapema, Mama."

Mwanangu, kazi ikikugomea, weka koleo chini. Usiiache, ila tafuta mahali pa kukusanya nguvu kidogo kidogo kabla ya siku ya kuzihitaji. Mungu akujalie mfereji usiokauka, na bwawa lako alijaze kabla hakujapambazuka.