Historia ya Ndoa Niliyoiandika Mara Mbili

Kutoka Kyela hadi Liuli nilisafiri kwa meli siku mbili, nimekaa juu ya gunia la mchele la mtu mwingine. Kutoka Liuli nikapanda lori la usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, hadi Mbinga mjini. Nilinuka samaki kiasi kwamba mwenye nyumba ya wageni alinionyesha bomba la maji kabla ya kitanda. Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Maguu. Miteremko yote ilikuwa imejaa vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki. Nilimuuliza dereva ni vya nini. "Ngolo," akasema. "Ndimo tunamolima." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, nina cheti cha kidato cha nne na tabia ya kuhama ambayo mama yangu aliiita ugonjwa. Nilifuata kazi ya kuchuma kahawa. Kuhusu fedha sina maoni mengi. Naipenda ile ya jioni, unayopewa mkononi vidole vikiwa bado vinanata, kuliko ile ya mwisho wa mwezi, ambayo hufika ikiwa imeshagawanywa. Niliwahi kuwa karani wa ghala kwa miaka miwili, na sikumbuki hata siku moja ya miaka ile. Siku za kahawa nazikumbuka karibu zote.

Kusoma, nasoma chochote. Gazeti lililofungiwa maandazi nalimaliza kabla ya maandazi yenyewe. Wakati wa mapumziko niliwasomea wachumaji wenzangu vipande hivyo, na siku moja tukapata hadithi ya bibi harusi, iliyochanika mwisho. Tulibishana hadi jioni juu ya yule bibi harusi kama alirudi kwao au la, na bila kujua tukamaliza mistari miwili ya mibuni zaidi ya kawaida. Mwenye shamba, mzee wa miaka sabini na kitu, alisimama kando akisikiliza. Msimu ulipoisha hakuniacha niondoke. Yeye na mkewe walinipa chumba, nami nikawasaidia kazi za pale nyumbani.

Karibu na Pasaka mzee akaniita. Ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na watoto walikuwa wanaandaa jubilei kanisani. Desturi ni kwamba historia ya wanandoa husomwa mbele ya waumini, na kwa kuwa padri na wageni wengi hawakujua Kimatengo, lugha ya pale, iwe kwa Kiswahili.

"Wewe si mtu wa makaratasi?" akaniuliza. "Andika."

Alinisimulia mchana mzima. "Nilijenga, nilipanda, nilichimba." Nikaandika kila neno, na niliona nimeandika vizuri sana.

Jumatano nikaisoma mbele ya jumuiya yao ya kanisa ili isahihishwe. Nilipofika mahali niliposema kwamba mzee alichimba ngolo za kwanza kwa mikono yake, wanawake wakacheka. Mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mwingine akamgeukia mzee, akasema, "Shemeji, tuonyeshe basi, jembe ulilishika upande gani?"

Ndipo nikaelezwa, mimi peke yangu niliyekuwa sijui. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana, zikafanya miraba. Mwanamke ndiye huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi, mpaka libaki shimo lenye matuta pande zote. Maharage hupandwa kwenye matuta, na maji ya mvua hutulia shimoni, hayashuki na udongo.

Mama mwenye nyumba, mke wa mzee, hakucheka. Asubuhi nilimkuta uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mwandishi, hiyo karatasi ikisomwa hivyo kanisani, mimi siendi. Baba yako huyo atafunga ndoa na jembe lake."

Hakuwa anatania. Kitenge cha sherehe kilikuwa kimeshashonwa, nguruwe alikuwa bandani ananona, watoto walikuwa wamekata tiketi, na mama akakirudisha kitenge kwenye sanduku. Nilimwendea mzee. Akashangaa.

"Mwanaume ndiye nyumba. Nikisema nimejenga, nani ataniuliza fundi alikuwa nani?"

"Fundi hakulala kwako miaka hamsini," mama akajibu kutoka jikoni.

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kimatengo na sikuyaelewa, ila niliona mzee ametoka nje bila kofia.

Ulikuwa msimu wenyewe wa ngolo. Nikamwomba mama anipeleke shambani, kwa kuwa sikutaka kuandika mara ya pili kwa kusikia tu. Alinipa jembe, naye akachimba mraba wa jirani. Alipomaliza mitatu mimi nilikuwa bado kwenye mmoja. Akakanyaga tuta langu, likabomoka.

"Hapa mvua itakula maharage yangu," akasema, akalitengeneza kwa mapigo mawili.

Tukichimba alinisimulia miaka yao. Uchungu wa mtoto wa tatu ulimkuta kwenye mteremko ule ule. Watu walisema kahawa ya mzee ndiyo iliyosomesha watoto. "Sawa, ilisomesha," mama akasema. "Lakini aliyekwenda shule alikuwa ameshiba nini?"

Sijawahi kusikia neno la fedha lililonikaa kama lile.

Niliandika upya nikiwa na malengelenge, kalamu ikiniuma. Mzee aliisoma mwenyewe polepole, midomo ikicheza. Alipofika pale kwenye ngolo akasimama.

"Na mimi nilifanya nini? Nilikaa?"

"Ulilaza nyasi, mzee. Imo."

"Vizuri?"

Nikamtazama mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Andika vizuri," akasema. "Nyasi zake hazijawahi kuteleza."

Nikaongeza neno hilo. Mama akaingia ndani, na niliposikia sanduku linafunguliwa nikajua sherehe ipo.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi barazani. Nilisoma polepole, kwa maana sikuwa nimewahi kusomea watu wengi kitu nilichokiandika mwenyewe. Kwenye ngolo wanawake walipiga vigelegele hadi nikasubiri. Kwenye nyasi wanaume nao wakapiga makofi, na mzee akageuka kumwangalia mkewe aliyevaa kitenge kipya. Nguruwe alikuwa mtamu.

Baada ya hapo familia nyingine mbili ziliniomba niwaandikie, nikaandika. Ningeweza kukaa. Lakini maharage yalipoanza kutoa maua, miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwasha, na sikuwa na sababu nyingine. Tangu siku niliyoondoka sijapanda tena Maguu.

Mama aliniaga mlangoni. Mzee akanisindikiza hadi kituo cha pikipiki, safari ya dakika kumi iliyotuchukua karibu saa nzima, kwani kila tuliyekutana naye mzee alimsimamisha.

"Huyu ndiye aliyeandika kwamba shamba langu amelichimba mke wangu," alisema, akinishika bega.

"Tulikuwepo, mzee. Tulisikia."

"Na nyasi?"

"Na nyasi pia."

Pikipiki ilipowaka alikuwa amempata mwingine, mpita njia mwenye gunia kichwani, mgeni kabisa, na nilimsikia akimwomba alitue kwanza.